Sahihi ya Baba Mekhala

Mzee Subraya Hegde aliingia dukani kwangu saa tatu asubuhi. Alikunja mwavuli, akauegemeza mlangoni, akakaa kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa. Ilikuwa Julai, siku ya sita mvua haijapumua pale mjini Sirsi, kusini mwa India. Kinywani alikuwa na tambuu, na mtu mwenye tambuu kinywani haulizwi neno, husubiriwa. Nikasubiri, nikipanga upya karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Sababu ya wasiwasi wangu ilikuwepo. Miezi minane nyuma mjomba wangu alikwenda nyumbani kwake, kijiji cha Hosagadde, kuniposea binti yake Mekhala. Alipewa kahawa, akapewa na papari za fenesi, vitafunwa vya kukaanga, halafu akaambiwa kwa upole kabisa kwamba familia ya Hegde ina ekari sita za mipopoo na familia yetu ya Bhat ina mashine moja ya fotokopi. Tangu siku hiyo mzee huyu tukikutana sokoni alikuwa ananitazama kama anavyotazama mvua, yaani kitu kisichozuilika lakini si lazima ukisalimie.

Alitoka nje, akatema, akarudi.

"Suhas, binti yangu kakuletea fomu?"

"Hapa zinakuja fomu za kila aina, mzee. Za bima ya mazao, za vitambulisho, za..."

"Usinizungushe. Ile ya udaktari wa matope."

"Ya Shahada ya Tiba ya Asili na Yoga," nikamrekebisha polepole. "Ipo. Imeshajazwa yote. Imebaki sahihi yako tu, kama mzazi mdhamini."

"Mwisho wake lini?"

"Leo, saa kumi na moja jioni."

Akaitazama kompyuta yangu kama mtu anayemtazama mchumba asiyemtaka.

"Sahihi yangu haitakuja. Lakini namjua Mekhala, hashindwi kutafuta njia. Mimi nataka njia yenyewe isiwepo. Umeme ukatike, mashine iharibike, mambo yenu hayo unayajua mwenyewe. Leo ikipita na fomu haijaenda," akainama, akashusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu, "sikukuu ya Deepavali ikiisha, mjomba wako aje tena. Safari hii hatarudi na papari. Atarudi na tarehe ya harusi."

Akachukua mwavuli wake, akaondoka. Hakungoja jibu. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumkimbilia kumpa.

*

Wewe unayesoma utasema jibu lilikuwa rahisi. Basi hukumjua Mekhala.

Tulisoma shule moja. Mimi nilimtangulia kwa miaka mitatu, yeye akanitangulia kwa akili. Alipomaliza kidato cha mwisho, mama yake akaugua, na wenzake walipokwenda vyuoni yeye alibaki nyumbani kumnyanyua mama kitandani, kumlisha uji na kumbadilisha nguo. Miaka mitatu. Mama alipofariki, Mekhala alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Watu wakadhani sasa ataolewa. Yeye akafungua vitabu vya biolojia, akafanya mtihani wa kuingilia vyuo, akafaulu kushinda watoto waliokwenda kulipiwa walimu Bengaluru.

Alikuja dukani mwezi wa Juni kujaza fomu. Nilimwona mlangoni akisubiri nyuma ya bibi mmoja ambaye mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkataa mara nne. Bibi yule alimenya popoo maisha yake yote, vidole vikasagika vikawa laini kama kijiko. Bila alama hapati mgao wake wa mchele wa serikali. Nilikuwa nimeshamwambia, "Bibi, nenda mpaka ofisi ya wilaya," ndipo Mekhala akasogea.

"Una maji ya moto, Suhas?"

"Ya kahawa."

"Lete. Na mafuta ya nazi."

Akakaa chini, sakafuni, akaiweka mikono ya yule bibi kwenye bakuli. Akaisugua kidole kwa kidole, bila haraka, huku akimuuliza habari za wajukuu. Foleni ikawa ndefu mpaka barabarani na hakuna aliyelalamika. Sijui kwa nini. Nafikiri kila mmoja alitamani mikono ile iwe yake. Baada ya dakika kumi akaifuta, akakiweka kidole gumba kwenye mashine. Ikakubali.

"Umefanya uchawi gani?" nikamuuliza.

"Uchawi gani? Ngozi imekauka, damu haifiki. Ukiipasha na kuipa mafuta inaamka. Wewe ulikuwa unaigandamiza kama unapiga muhuri."

Bibi akacheka, akamshika shavu. Mimi nilisimama na bakuli mkononi kama mpumbavu.

Siku ileile nikampiga picha ya fomu. Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikamwambia atazame kamera asicheke. Akatazama. Nimepiga picha maelfu katika duka lile, za maharusi, za wazee wa pensheni, na sijawahi kuona macho yanayokutazama vile, bila kuogopa wala kujionyesha. Fomu ilitaka picha ndogo, basi nikaipunguza, nikaipunguza tena, mpaka kompyuta ikaikubali. Moyoni mwangu hakikupungua kitu.

Sasa mtu huyo ndiye niliyeahidiwa asubuhi ile, kwa bei ya kukaa kimya mpaka saa kumi na moja.

*

Alifika saa tisa alasiri, ameloa mpaka nyusi.

"Appa kajificha," alisema kuhusu baba yake hata hajakaa. "Tangu alfajiri. Nimemtafuta shambani, nimemtafuta kwa jirani, hayupo. Kaacha mikate yake ya dose mezani hajaigusa. Mtu mzima anamkimbia mtoto wake kama anamkimbia mdai!"

Nikampa taulo. Akajifuta uso, akaiona saa ya ukutani, akaketi.

"Sahihi yake ninayo," nikasema.

"Unayo wapi?"

"Humu. Mwaka jana alileta karatasi za bima ya mazao, nikaziskani. Nikiikata na kuibandika kwenye fomu, hakuna binadamu atakayejua."

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia magari.

"Suhas, mimi naomba kwenda kusomea kushika miili ya watu. Wataniambia siri zao, watavua nguo mbele yangu, watanipa watoto wao wachanga. Unataka nianze kwa kughushi sahihi ya baba yangu?"

"Nataka usikose nafasi!"

"Najua." Sauti yake ikalainika. "Na nakushukuru. Lakini hapana."

Mtu akikukatalia uovu kwa upole hivyo, wako unaanza kukuwasha. Nikazima kioo cha kompyuta ili nisije nikajificha nyuma yake, nikamweleza yote: baba yake alikaa stuli ipi, alisema nini kuhusu umeme, Deepavali, na mjomba wangu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitaka kusema ndiyo."

Niliona kitu kikipita usoni mwake, sijui ni hasira au ni kile nilichokuwa nakiomba kwa miaka yote. Akasimama, akajifunga kanga ya plastiki ya mvua kichwani.

"Ungeninyamazia, ningekosa chuo na nisingejua kwa nini. Ningeolewa nawe nikiwa na furaha kama mjinga."

"Ndiyo."

"Miaka mingapi ungenitazama usoni kabla hujasema?"

"Ndiyo maana nimesema leo."

"Washa pikipiki," akasema. "Nyumbani atakuwa amesharudi. Njaa haijui kujificha."

*

Kweli tulimkuta barazani, anakunywa kashaya ya bizari na maziwa, miguu juu ya gunia la popoo. Alipotuona tumeshuka pikipiki moja, tumelowa sote wawili, kikombe kilitua kwa kishindo.

"Ndiyo nini hii? Majirani hawana macho?"

"Wanayo, Appa," Mekhala alisema. "Na masikio wanayo. Kwa hiyo tuseme taratibu. Umekwenda kuninunulia giza kwa Suhas?"

Mzee akanigeukia. "Umemwambia!"

"Nimemwambia, mzee."

"Nimekupa mke, wewe umenipa aibu!"

"Aibu gani?" Mekhala akadakia. "Umeniuza ili umeme ukatike."

"Sikukuuza!" Mzee alisimama, na mgongo wake ukamrudisha kitini. "Mtoto huyu! Nimekupa unayemtaka! Unadhani sioni? Ukienda mjini kununua chumvi unavaa sari ya bluu. Nikasema haya, hana shamba, hana ng'ombe, ana mashine ya fotokopi, lakini mchukue. Nyumba nusu saa kutoka hapa. Baba gani mwingine Hosagadde nzima angefanya hivyo? Unataka nini tena?"

Sari ya bluu. Nilikuwa sijui. Nikatazama miguu yangu nisije nikatabasamu mahali pasipostahili.

"Nataka kusoma, Appa."

"Kusoma nini? Kupaka watu matope! Ungesema udaktari wa sindano ningekaa kimya. Hayo matope yalimponya mama yako?"

Mekhala alivua plastiki ya mvua. Akakaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake, kama alivyokaa kwa yule bibi wa vidole.

"Hayakumponya," alisema. "Sijawahi kusema yalimponya. Madaktari wa mjini Hubballi walishatuambia ugonjwa umefika pasipo na dawa, na walisema kweli. Ulipompeleka Amma kule hospitali ya tiba ya asili, yule daktari mwanamke pia hakutudanganya. Unakumbuka alisema nini? Alisema, 'Siwezi kuuondoa ugonjwa. Naweza kumsaidia alale.' Amma alikuwa na mwezi mzima hajalala. Akamwekea maji ya uvuguvugu miguuni, kitambaa chenye udongo wa baridi machoni, akakaa naye anamfundisha kutoa pumzi ndefu kuliko anayoivuta. Na Amma akalala. Siku zote tulizokaa kule alilala. Na wewe, Appa, ulilala kwenye benchi la nje mpaka ukakoroma, watu wakacheka. Ilikuwa mara yako ya kwanza tangu augue."

Mzee alishusha miguu kutoka juu ya gunia.

"Mimi nataka kuwa mtu yule," Mekhala aliendelea. "Nataka kujua inasaidia nini na haisaidii nini, ili nisije nikamdanganya mgonjwa hata mmoja. Hayo hayajulikani kwa kukaa barazani. Yana shule yake. Wanapasua maiti, wanasoma damu na mifupa kama madaktari wengine wote. Miaka minne na nusu darasani, mwaka mmoja hospitalini."

"Miaka mitano na nusu," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Na mimi? Chakula nitakula na nani? Jioni nikitoka shambani nitamwita nani anipe maji?"

Kumbe. Siku zote nilidhani ni kiburi cha ekari sita, kumbe mzee alikuwa anaogopa nyumba yake mwenyewe.

Hapo nikajua ni zamu yangu kusema.

"Mzee Hegde, ahadi yako nakurudishia."

"Ahadi ipi?"

"Ya Deepavali. Fomu ikienda sina haki nayo, na fomu nataka iende. Nampenda Mekhala, na leo nasema mbele yako kwa sababu sijui kama nitapata siku nyingine. Lakini simtaki Mekhala aliyezuiwa. Namtaka huyu anayekwenda. Akirudi asinitake, basi, nitakuwa nimempenda mtu wa maana."

Mekhala hakugeuka kunitazama. Shingo yake tu niliiona ikipanda rangi.

"Maneno unayo," mzee akanung'unika.

"Anayo na sahihi yako pia, Appa," Mekhala akasema. "Imo kwenye kompyuta yake, ya bima ya mazao. Tungeweza kuibandika saa tisa, tukawa tumemaliza, wewe usijue mpaka nimeshapanda basi."

Mzee akageuka kwangu taratibu. "Ni kweli?"

"Kweli, mzee."

"Sasa kwa nini mmekuja kulowa mpaka huku?"

"Kakataa," nikasema. "Anataka ya leo. Anataka yako."

Alikaa pale, mikono kwenye magoti. Nyuma yake mipopoo ilikuwa inayumba na kurudi. Alimtazama binti yake, na nadhani kwa mara ya kwanza hakumwona mtoto wa kumpa maji. Alimwona kama nilivyomwona mimi kwenye kamera.

"Mama yako," alisema mwishowe, "hakunidanganya hata kuhusu bei ya vitunguu." Akajifuta uso kwa pindo la shuka lake la begani. "Leta kalamu. Na miwani yangu ipo juu ya redio. Haraka basi, au mnataka kukosa kwa sababu ya uzembe wenu mkasema ni mimi!"

*

Tulirudi Sirsi saa kumi na dakika arobaini, karatasi ikiwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki kifuani kwa Mekhala. Niliiskani, nikaipakia, mduara ukaanza kuzunguka kwenye kioo. Umeme ukakatika.

"Appa kaomba mwenyewe asubuhi," Mekhala alinong'ona. "Miungu imechelewa kumsikia."

Betri ya akiba ilianza kulia mlio wake. Huwa inakaa dakika saba, siku njema kumi. Mduara ulizunguka. Ukurasa ukafunguka, kitufe cha kutuma kikatokea.

"Bonyeza wewe," nikamwambia.

"Kidole kinatetemeka."

"Hata kikitetemeka ni chako."

Akabonyeza. Neno likatokea: Imepokelewa. Kompyuta ikazimika, tukabaki katika mwanga wa kijivu wa mvua, yeye kwenye kiti changu na mimi nimesimama nyuma yake kama mteja.

"Miaka mitano na nusu, Suhas."

"Najua kuhesabu."

"Mama yako atakuletea wasichana. Wenye mashamba."

"Watataka fotokopi, nitawatolea."

Akacheka. Akageuka. Macho yale yalinitazama kwa karibu kuliko kamera ilivyowahi kuyaleta.

"Sitakuomba uningoje," alisema. "Ni dhuluma kumwomba mtu kitu hicho. Ila nataka ujue: pale barazani, uliposema unamtaka anayekwenda, ndipo nilipojua kwamba nikiondoka kuna mtu nitakuwa namwacha. Kabla ya hapo nilidhani namwacha baba tu."

Alinishika mkono, kiganja kwa kiganja, mara moja, kwa muda wa pumzi moja ndefu. Halafu akachukua plastiki yake, akatoka mvuani kuwahi basi la Hosagadde.

*

Majina yalitoka katikati ya Agosti. Nafasi alipata, katika chuo cha upande wa pili wa milima, mwendo wa siku nzima kwa basi. Aliondoka na sanduku moja na mkeka wa yoga uliofungwa kwa kamba ya katani. Stendi ilijaa watu, basi hatukuagana kama wanavyoagana wapenzi. Aliinama akagusa miguu ya baba yake, akaniambia mimi, "Kula vizuri, una uso wa mtu asiyelala," akapanda.

Siku nne baadaye, Mzee Hegde aliingia dukani. Mwavuli mlangoni, stuli ya wateja. Safari hii hakuwa na tambuu. Alitoa simu mpya mfukoni, bado ina karatasi yake kiooni.

"Wanasema unaweza kumwona mtu humu akiongea."

"Inawezekana, mzee."

"Nionyeshe. Kapiga jana akaona sikio langu tu."

Nikamwonyesha jinsi ya kuishika, mahali pa kugusa, umbali wa kuweka uso. Akajaribu mara tatu. Alipoelewa aliirudisha mfukoni, lakini hakuinuka. Akatazama shuka jeupe la picha ukutani, akatazama mvua, akatazama tena shuka.

"Nyumba imekuwa kubwa," alisema.

"Duka pia, mzee."

Tukakaa hivyo, wanaume wawili, kila mmoja akijua mwenzake anamuwaza nani. Mwishowe akakohoa.

"Ile biashara ya Deepavali imekufa. Fomu imekwenda, sina tena cha kukuuzia."

"Sikuwa nanunua, mzee."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja." Akasimama, akachukua mwavuli wake, akanipa mgongo, maana kuna maneno mzee hawezi kuyasema akikutazama usoni. "Jumapili nitapika mwenyewe. Sijui kupika. Njoo tule, mwanangu."